Ng'ambo ya Karibu

Mkulima wa Wenje, kaunti ya Tana River, akisikia likizo ya ng'ambo hufikiria ndege, viza na Dubai, akaguna na kurudi kwenye migomba na miembe yake. Lakini ng'ambo ya bei nafuu ipo, na inafikiwa kwa basi. Teremka Garsen, pitia Malindi hadi Mombasa, vuka Likoni kwa feri (mwenda kwa miguu halipi), kisha shika njia ya Lunga Lunga. Ukipita Horohoro uko Tanzania. Mbele kuna Tanga, mji wa bahari wenye Mapango ya Amboni karibu yake, na kwa kuwa lugha ni ileile, hata bei ya samaki utapatana mwenyewe.

Kinachowaponza wengi ni kukopa ili watembee. Heri chama cha majirani wachache, kila mmoja akitenga fungu dogo la pesa za maembe siku ileile dalali anapolipa, kabla halijaishia kwenye deni la duka. Na mkifika, nyumba ya wageni ya mjini yatosha. Hoteli ya ufukweni waachieni watalii.

Kuhusu hati za safari, Uganda na Rwanda zinampokea Mkenya kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania hutaka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na watoto nao wawe na hati zao. Ulizieni ofisi ya uhamiaji mapema, kabla ya kukata tiketi.