Dakika Nane za Mtu Mwingine



Juzi usiku nilikuwa nacheza sataranji kwenye simu, kila mmoja ana dakika kumi. Nikapoteza malkia kizembe kabisa. Saa yangu ilikuwa bado na dakika nane. Nikaiacha simu kitandani, nikaenda kuoga. Moyoni nasema: muda ni wangu bwana!

Ni wangu kweli? Upande wa pili kuna mtu. Hajui kama bado nafikiri au mtandao umekata, kwa hiyo anakaa anangoja. Dakika zile nilipewa ili nifikiri, mimi nikazitumia kumwadhibu mwenzangu kwa sababu amecheza vizuri kuliko mimi.

Vijana wenzangu, sisemi ukizidiwa lazima ukubali kushindwa papo hapo. Endelea kupigana, hata aliyezidi hukosea, mkatoka sare. Hiyo ni halali. Kosa ni kuacha kucheza kwa kisirani, huku unakula muda wa mtu.

Mtakatifu Teresa wa Avila aliujua mchezo huu. Katika kitabu chake cha Njia ya Ukamilifu anaufananisha na sala: malkia anayeweza kumshinda Mfalme wa mbinguni ni unyenyekevu. Basi usiku ule nilipoteza malkia wawili.

Leo ukishindwa, bonyeza kitufe cha kukubali, mwandikie, “Umecheza vizuri.” Kisha usali hivi: Bwana, unifundishe kushindwa bila kinyongo. Amina.