Msukumo Usiolala

Twiga akitaka kunywa maji hupanua miguu ya mbele, akashusha kichwa kutoka usawa wa vilele vya migunga hadi kwenye ukingo wa dimbwi. Kwa hesabu yetu, damu iliyokuwa ikisukumwa kupanda karibu mita mbili za shingo ingepaswa kuporomokea ubongoni na kumwangusha palepale. Haanguki. Anakunywa, ananyanyua kichwa, anarudi kutafuna. Ukienda Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya Mlima Meru, unaweza kumwona akifanya hivyo mchana kweupe, na watalii wakipiga picha za madoa yake tu.

Presha ya twiga ni karibu mara mbili ya presha ya binadamu, na moyo wake hufikia kilo 11 hivi. Ubongo wake uko juu mno. Pasipo nguvu hiyo usingefikiwa. Lakini Muumba hakumpa nguvu akamwacha bila ulinzi. Ngozi ya miguu yake imebana kiasi kwamba maji ya mwilini hayapati nafasi ya kujaa chini na kuvimbisha vifundo. Mishipa ya miguuni ina kuta nene, na chini ya goti hupungua upana ghafla. Shingoni mna vali zinazozuia damu inayoshuka isirudi kichwani anapoinama. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa wanasayansi wa China na Denmark: walimwekea panya umbo la jeni moja la twiga, FGFRL1, kisha wakampa anjiotensini, homoni inayopandisha presha. Panya wa kawaida waliharibika moyo na figo. Waliobeba jeni hiyo walidhurika kidogo sana.

Sisi hatukupewa kinga hiyo. Kwa mtu mzima, kipimo cha zahanati kikifika 140 kwa 90 na kikajirudia siku nyingine, hiyo ni presha ya juu, awe anaumwa au haumwi.

Kwa Sadala, wilayani Hai, pale njia ya Masama inapoachana na barabara kuu ya Moshi na Arusha, nilikuwepo mama mmoja muuza ndizi alipoingia zahanati kwa ajili ya goti. Alikuwa ametoka kushusha mikungu, pumzi zikimwenda mbio. Muuguzi akamfunga mkanda mkononi, mashine ikasoma 168 kwa 102.

“Mimi? Siumwi chochote, mwanangu. Hiyo mashine yako mbovu.”

“Sawa mama, huenda. Kaa kwanza upumzike, usiongee, halafu tutarudia.”

Akavuliwa sweta, maana asubuhi za huku zina baridi na mkanda ulikuwa umefungwa juu ya sufu. Akaegemezwa mgongo, miguu ikakanyaga sakafu bila kupishana, mkono ukawekwa mezani usawa wa moyo. Dakika tano. Safari hii ilikuwa 152 kwa 94. Akauliza swali ambalo kila aliyewahi kushtushwa na kipimo hujiuliza: sasa ipi ndiyo presha yangu?

Jibu ni kwamba presha haikai mahali pamoja, na haikuumbwa ikae. Unapoinuka kitini, karibu nusu lita ya damu huteremkia miguuni. Ungezimia kila asubuhi, ila kwenye mishipa ya shingo, chini kidogo ya taya, kuna vihisio vinavyopima mvutano wa kuta za mshipa kila moyo unapopiga. Vikiona damu imepungua nguvu, vinaupasha ubongo habari, nao unauharakisha moyo na kuibana mishipa kabla hujamaliza kunyoosha magoti. Wazee wa Kichaga walichimba mifereji iitwayo mifongo kuleta maji ya mlima kwenye mashamba ya vihamba, kukawa na zamu za kufungua na kufunga malango yake. Ndani yetu malango ya namna hiyo hayana idadi, nayo hayajui zamu. Usingizini presha hushuka, alfajiri huanza kupanda kabla hujaamka. Kahawa huipandisha, na hapa tunailima wenyewe. Kibofu kilichojaa huipandisha. Hata koti jeupe la daktari huipandisha. Wanyanyua vyuma waliopimwa kwa mrija ndani ya mshipa wamevuka 300 kwa sekunde chache, kisha ikarudi ilikokuwa.

Mtu wa kwanza anayejulikana kuipima hakuwa daktari bali mchungaji wa Kiingereza, Stephen Hales. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1733 alieleza jinsi alivyomlaza jike la farasi, akaingiza mrija kwenye mshipa wake, na damu ikapanda kwenye bomba la kioo zaidi ya mita mbili. Simsifu kwa alivyomtendea mnyama yule, lakini alikiona kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona. Mkanda wa kufunga mkononi ulibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896. Miaka tisa baadaye daktari wa Kirusi, Nikolai Korotkov, alisikiliza mshipa chini ya mkanda huo na kugundua jambo linalonistaajabisha kuliko farasi: damu inayopita kwenye mshipa huru wa mkono haisikiki. Hubisha hodi pale tu unapoubana mshipa na kuuachia kidogo kidogo. Mdundo wa kwanza kusikika ndio namba ya juu. Sauti inapotoweka ndipo namba ya chini. Moyo husukuma lita kama tano kila dakika, hupiga mara laki moja hivi kwa siku, nasi tunalala fofofo kando yake.

Ukimya huohuo ndio unaotuponza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 kutoka vijiji vya Wilaya hii ya Hai yalionyesha kwamba karibu wazee saba kati ya kumi wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa na habari. Hai si mahali pabaya kuliko pengine. Ni mahali ambapo watu walipita nyumba kwa nyumba wakahesabu, hata viharusi. Kwa hiyo yule mama alipewa daftari na kuambiwa arudi kupimwa siku nyingine. Kama ingekuwa 180 kwa 120 pamoja na kifua kubana, mdomo kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, asingeambiwa arudi. Angepelekwa hospitali saa ileile.

Akaulizwa pia kuhusu chumvi, akacheka. Kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, bila magadi? Lakini magadi nayo yana sodiamu kama chumvi ya mezani, na sodiamu hiyo husimamiwa na figo. Figo ndizo zenye hadithi ndefu zaidi. Mwaka 1898, kule Stockholm, Robert Tigerstedt na Per Bergman waligundua katika figo za sungura kitu wakakiita renini. Damu ikipungua nguvu au chumvi ikiadimika, figo hutoa renini, nayo huanzisha mfululizo unaozaa anjiotensini, ileile waliyopewa wale panya. Mishipa hubanwa, chumvi hushikiliwa. Kwa mchungaji aliyepotea nyikani bila maji, huo ni wokovu. Kwa anayekula chumvi mara tatu kwa siku, kazi inakuwa ya ziada.

Na njia ya kuupunguza mfululizo huo ilikuwa imefichwa kinywani mwa nyoka. Jararaca wa Brazili akiuma, presha ya anayeumwa huporomoka. Mbrazili Sérgio Ferreira aliichunguza sumu hiyo miaka ya 1960, akaipeleka London kwenye maabara ya John Vane. Wakemia wa Marekani wakaiga kipande chake, na mwaka 1981 kidonge cha kaptoprili kikaruhusiwa nchini mwao. Leo kipo kwenye maduka yetu ya dawa. Wengi huku huanzishiwa amlodipini au dawa ya kutoa maji, kwa sababu katika miili mingi ya Waafrika hizo hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa peke yake. Kaptoprili haifai kwa mjamzito, na baadhi ya watu huwaletea kikohozi kikavu kisichokoma. Hao hubadilishiwa na daktari.