Sauti Iliyo Sawa Pande Zote

Mke wangu alipotea kwa mara ya pili kati ya Uyole na Isyonje, miezi miwili baada ya kumzika. Nilikuwa natoka Mbeya mjini kwenda Tukuyu kuwasalimu wakwe, peke yangu, nikisikiliza albamu ya kwaya yetu. Mimi ndiye niliyeifundisha kwaya ile. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza beti.

Gari langu ni la mtumba kutoka Japani, na redio yake inashika masafa ya 76 hadi 90 tu, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kwa hiyo nimezoea kuunganisha simu kwa waya kwenye tundu lililoandikwa AUX. Tangu Uyole palikuwa na mluzi. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Wenye magari wanaujua: simu inachajiwa na gari huku inapeleka muziki kwenye redio ya gari hilohilo, na kelele ya altaneta inapata mlango. Nikachomoa chaji, mluzi ukakoma. Na yeye akakoma.

Gitaa lilikuwepo. Kinanda kilikuwepo. Wanakwaya walikuwepo, kwa mbali, kama watu wanaoimba ng'ambo ya mto. Pale anapoingia yeye palibaki mwangwi mwembamba, kivuli cha sauti bila sauti. Nilisimamisha gari Isyonje, karibu na wauza viazi, ukungu umeshuka hadi barabarani, nikabadilisha wimbo. Hayupo. Nikahamishia sauti spika za kushoto, kisha za kulia. Zote nzima, naye hayupo. Nikachomoa waya, nikaweka simu sikioni: yupo, anaimba kama kawaida. Nililia pale kuliko nilivyolia makaburini.

Kesho yake nilikwenda Mwanjelwa kwa kijana mmoja fundi wa redio.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Muziki unapiga, mwimbaji hayupo."

Hakufungua redio. Alishika pini ya waya kwa vidole viwili, akaibinya kidogo upande, na mke wangu akaingia katikati ya neno.

"Hasi imekatika humu ndani," akasema. "Hasi ikikatika, anayeondoka ni yule aliye katikati."

Nilimwomba anieleze polepole, kwa sababu nilihisi ananiambia jambo kubwa kuliko waya. Pini ile ina sehemu tatu. Ncha inabeba upande wa kushoto, pete inayofuata inabeba upande wa kulia, na sehemu ya nyuma ni hasi, njia ambayo pande zote mbili hurudia. Kiongozi wa wimbo hurekodiwa katikati, maana yake sauti yake inapelekwa kushoto na kulia kwa kipimo kilekile, ilhali gitaa huegemezwa huku na kinanda kule. Hasi ikikatika, umeme wa kushoto hauna pa kurudia ila kulia, na wa kulia hauna pa kurudia ila kushoto. Redio inabaki kusikia tofauti tu ya pande mbili. Kilicho sawa kwa zote kinajifuta. Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza aliyeomba hataza ya sauti ya pande mbili mwaka 1931, alilijenga jambo lake juu ya hesabu hiyohiyo ya jumla na tofauti. Na chaji je? Ilipokuwa imechomekwa, umeme ulipata kurudi kwa kuzungukia waya wake. Njia chafu, yenye mluzi, lakini njia.

Swali lililokuwa likinikosesha usingizi ni la zamani: Mungu akinyamaza, amekwenda wapi? Tangu utoto nimefundishwa kwamba yuko kila mahali, na nimewafundisha wengine hivyo bila kuona ugumu uliomo. Sikio la binadamu ni hodari wa tofauti. Baada ya mazishi, sala yangu ilikuwa imegeuka orodha ya tofauti: jana na leo, sahani mbili na sahani moja, nyumba zenye mama na nyumba yangu. Nilizisikia zote, wazi kabisa. Yule ambaye ni sawa kwa walio hai na waliokufa, asiyepungua upande wowote, ndiye niliyeshindwa kumsikia. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba hayupo. Sasa siwezi kusema hivyo, maana nimekaa Isyonje nikaapa kwamba mke wangu hayumo kwenye wimbo ambao wakati huohuo alikuwa akiuimba.

Nahofia kueleweka vibaya hapa. Wapo wanaomwambia mfiwa kwamba ukimya anaousikia ni matunda ya imani yake iliyolegea. Nimeambiwa hivyo sebuleni kwangu, na sitaki mtu achukue waya wangu akamchapie mwenzake. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila neno, na hizo ndizo siku zao njema. Kisha wakafungua vinywa, wakaanza kumfungua yeye skrubu moja baada ya nyingine kutafuta kosa. Waya wangu ulikatika kwa kutumika. Ulikunjwa mahali palepale kila siku, miaka, kwa sababu nilipenda kusikiliza.

Ila lipo moja nililolifanya mwenyewe. Niliacha kwenda mazoezi ya kwaya. Niliwaomba watu wasije. Nilijitetea kwa Eliya pale Horebu, ambapo Bwana hakuwamo katika upepo, wala tetemeko, wala moto, nikadhani nikiondoa kelele zote itabaki sauti yake. Nilikuwa nimesahau kilichofuata: baada ya ule utulivu Eliya alirudishwa kwa watu, akawapake mafuta Hazaeli na Yehu, akamtafute Elisha. Mimi nilichomoa chaji. Kelele za wale waliokuja na maharage na maneno yasiyofaa ndizo zilizokuwa njia pekee iliyobaki.

Wakwe zangu ni watu wa Moravian, kanisa lililofika Rungwe mwaka 1891, na mama mkwe husali kwa Kinyakyusa. Siku ile nilipofika Tukuyu alimtaja Kyala, yaani Mungu, kabla ya chai, nami nikasikia tu kwamba yeye amefiwa na mtoto na mimi nimefiwa na mke. Tofauti, tena.

Mwezi uliofuata nilimfuata kumleta Mbeya kliniki. Waya mpya ulikuwa umenigharimu shilingi elfu tatu. Alikaa kiti cha nyuma, kwa heshima ya ukwe, mfuko wa ndizi miguuni, na tulipopita Kiwira nikauliza kama niweke wimbo. Akanyamaza kidogo, akasema niweke.

Kwenye ubeti wa tatu mke wangu anaingia mapema, nusu pigo. Siku ya kurekodi nilimwomba arudie, akakataa.

"Hapo amewahi," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Irudishe, baba."

Nikairudisha.