Je, Mwalimu Aweza Kuwa na Kazi Mbili?

Wazazi wengi wanauliza: mwalimu au mkaguzi wa shule ana ruhusa ya kufanya kazi nyingine ili apate faranga? Wengine wanajibu: hapana, atosheke na mshahara wake. Wengine: tumbo halingoji. Basi, tulitazame jambo hili polepole.

Kwanza, kazi ya pili si kosa. Katika Kongo yetu, tangu mwanzo wa miaka ya 1990 Serikali ilishindwa kulipa walimu sawasawa, na wazazi wakabeba mzigo huo kwa miaka mingi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya bure. Lakini watu walingoja hata Septemba 2019 ndipo neno hilo lilipoanza kutimizwa katika nchi nzima. Mwalimu aliyepita katika taabu hizo, akilima muhogo au akifuga mbuzi, nani atamlaumu? Muhogo wake haumwibii mtoto wa mtu.

Lakini tazama mifano mingine. Mwalimu anafundisha hesabu asubuhi, kisha jioni anawafundisha wanafunzi wale wale kwa malipo. Mkaguzi anauza vitabu katika shule anazozikagua. Mtu mwenye kazi katika mtihani wa Taifa, ule ulioanza mwaka 1967 kwa wanaomaliza sekondari, anafungua masomo ya kuutayarisha mtihani huo huo, na wanafunzi wanamlipa. Je, mambo hayo ni sawa na shamba la muhogo?

Hapana. Asiyeupenda muhogo wako ataenda kununua kwa jirani. Mwanafunzi ataenda wapi? Yule anayemlipa ndiye atakayemhukumu. Mzazi anatoa fedha kwa hofu, na kukubali kwa mwenye hofu si kukubali.

Mwalimu atasema: «Mimi natoa alama kwa haki, wote ni watoto wangu.» Labda ni kweli. Lakini nani atajua? Mzazi hajui. Mkubwa wa shule hajui. Tena mwalimu mwenyewe hajui vizuri, maana moyo hupotoka kidogo kidogo. Asubuhi anachoka mapema. Somo gumu analiacha hata jioni. Hakukusudia ubaya, lakini darasa la bure limekwisha kuwa mlango wa duka lake, na mtoto wa maskini anabaki nje.

Basi, afanye nini? Ajiulize neno moja: huyu anayenipa fedha, je, mimi ni hakimu wake? Kama sivyo, afanye kazi yake kwa amani. Kama ndivyo, achague: aache biashara ile, ama awaambie wakubwa wazi na kumwachia mwingine hukumu. Kujificha ni alama ya kwamba dhamiri imekwisha kujibu.

Nasi wazazi tusimpelekee mwalimu kuku karibu na mtihani, kisha tukamlaumu kwa upendeleo. Na wakubwa wasiolipa mishahara kwa wakati wake wajue kwamba wana sehemu yao katika kosa hilo. Njaa yaweza kupunguza kosa la mtu. Haiwezi kuligeuza kuwa haki. Mtoto aliyekosa somo la asubuhi hakuwa na deni lolote kwa mwalimu wake.