Isnadi ya Picha

Amri ya kutomshuhudia jirani uongo, ambayo Wakatoliki huihesabu kuwa ya nane na Waprotestanti wengi kuwa ya tisa, ilitolewa kwa watu waliozoea ushahidi wa mdomo. Ndiyo maana swali la iwapo picha nayo inaweza kushuhudia uongo, na nani awajibike inapofanya hivyo, halina jibu lililoandaliwa tangu kale. Swali hilo linawahusu hasa wapiga picha wa ridhaa, yaani wanaopiga kwa mapenzi yao bila kulipwa, ambao wakirejea safarini huonyeshana picha na kupeana habari za lenzi zao: hii ni kali katikati lakini pembeni inalegea, ile inatia giza kwenye kona, nyingine inayeyusha mandhari ya nyuma. Watu wa nje huyaona mazungumzo hayo kuwa majigambo ya vifaa, na mara nyingi ndivyo yalivyo. Hata hivyo ndani yake mna jambo ambalo wanazuoni wa dini wangelitambua upesi kuliko mafundi wa kamera.

Chukua mfano. Mtaa wa Mapendo, katika komini ya Goma mashariki mwa Kongo, uko kilomita 17 hivi kusini mwa kreta ya Nyiragongo, volkeno yenye kimo cha mita 3,470, na kwa kuwa mji wenyewe uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kilele huonekana kimeinuka kiasi cha digrii 6 na nusu tu juu ya mabati ya nyumba. Msafiri akiupiga mlima huo kwa lenzi ya milimita 28 (namba hiyo hutaja urefu wa fokasi, unaoamua kama lenzi itameza mandhari pana au finyu), kwenye fremu ya kawaida ya milimita 24 kwa 36 iliyolazwa, mlima haufiki hata sehemu ya saba ya kimo cha picha. Akiweka lenzi ya milimita 200, mlima uleule hujaza karibu kimo chote na kuonekana umeziinamia nyumba. Kioo hakikuongeza kitu. Uwiano kati ya nyumba na mlima hutokana na mahali mpigaji aliposimama. Lenzi ndefu humruhusu tu arudi nyuma hadi nyumba ipungue na mlima ubaki karibu vilevile, kisha humkatia kila kilichobaki pembeni.

Je, picha ya pili ni ushahidi wa uongo? Augustino, katika kitabu alichoandika kuhusu uongo mwishoni mwa karne ya 4, alifundisha kwamba uongo haupimwi kwa maneno kutolingana na mambo yalivyo, bali kwa nia ya kudanganya. Kwa mkazi wa Mapendo, mlima ulioinama unasema kweli ambayo picha ya kwanza imeikosa, kwa maana tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, na tarehe 22 Mei 2021 ilisimama karibu na uwanja huohuo wa ndege, kisha siku tano baadaye Mapendo ikawa miongoni mwa mitaa 10 iliyoamriwa kuhama, watu wakashika njia ya Sake au ya Rwanda na magodoro kichwani. Lakini picha hiyohiyo ikipelekwa ugenini bila neno, kwa watu watakaodhani kwamba nyumba zimejengwa mdomoni mwa kreta, inaanza kudanganya ingawa hakuna chembe yake iliyobadilishwa.

Hapa elimu ya hadithi katika Uislamu ina msaada mkubwa. Wanazuoni wake walitenganisha matini, yaani maneno yenyewe, na isnadi, yaani mnyororo wa waliopokezana maneno hayo, na kila mpokezi akachunguzwa mwenendo wake na uthabiti wa kumbukumbu yake. Habari za lenzi ni isnadi ya picha. Anayesema kwamba alitumia milimita 200, kwamba alisimama juu ya ghorofa, na kwamba lenzi yake hupausha milima ya mbali kukiwa na ukungu, amemtaja mpokezi pamoja na udhaifu wake, na mtazamaji anajua apunguze wapi. Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, alifanya jambo la aina hiyo kwa ukali alipotumia katika Kivu filamu ya Aerochrome ya Kodak, iliyobuniwa kwa upelelezi wa angani, ambayo hunasa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho na kuyageuza majani mabichi kuwa ya waridi. Kazi hizo zilionyeshwa Venice mwaka 2013. Mtu ana haki ya kuuchukia urembo huo uliozizunguka bunduki za wapiganaji pichani, ila hawezi kusema amedanganywa, kwa kuwa waridi lenyewe humtangaza mpokezi.

Isnadi hii, hata hivyo, ina pengo, na pengo lenyewe liko mwanzoni mwa mnyororo, kwa mtu aliyepigwa picha. Chini ya picha ya kijana anayesukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, goti lake moja likiwa juu ya kipande cha raba kilichopigiliwa kwenye ubao na magunia ya makaa yakiwa mbele yake, huandikwa jina kamili la lenzi na upana wa tundu lake, ilhali kijana anabaki kuwa mtu wa chukudu. Alice Seeley Harris, mmisionari aliyempiga picha mwaka 1904 huko Baringa baba mmoja akitazama mkono na mguu wa mtoto wake iliyokatwa, alihifadhi majina: Nsala wa Wala na binti yake Boali. Picha hiyo ilipoonyeshwa Ulaya na Marekani dhidi ya utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Kongo, lenzi haikuwa na umuhimu wowote.

Itajibiwa kwamba katika Goma, hasa tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwezi Januari 2025, kumtaja mtu kunaweza kumponza, na jibu hilo ni la haki. Wanazuoni wa hadithi walikuwa na neno kwa hali hiyo pia: mpokezi asiyetajwa jina huitwa mubhamu, na nafasi yake katika mnyororo haifutwi, huandikwa wazi kwamba hapa palikuwa na mtu. Mpiga picha anayeandika kwamba jina limefichwa kwa ajili ya usalama amefanya zaidi ya yule aliyeandika milimita peke yake.