Manabii Wasiojua Wakati

Katika Star Trek: Deep Space Nine, tamthilia ya Kimarekani iliyoonyeshwa tangu mwaka 1993 hata 1999, watu wa Bajor, waliotoka punde katika utawala dhalimu wa Wakardasia, huwaabudu viumbe ambao kwao jana na kesho ni hali moja; wenye imani huwaita Manabii, na wanamaji wa anga huwaona kuwa viumbe wageni tu. Jambo hili lastahili kutafakariwa hapa Eastleigh, mtaa wa Nairobi ambao, serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, uliwapokea wakimbizi wengi, hata vyumba vya kulala vya Garissa Lodge vikageuzwa maduka. Kwani hapa twaishi na watu waliopoteza nyumba na mali wasipoteze sala.

Lakini je, kuwa nje ya wakati kwatosha kuwa uungu? Imamu Ghazali, na Augustino kabla yake, walifundisha kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyeuumba wakati wenyewe, ilhali Manabii wa Bajor ilibidi wafunzwe maana yake na Sisko, mwanadamu aliyefiwa na mkewe. Imani ya Kira Nerys, aliyepigania uhuru wa Bajor, naiheshimu kwa dhati. Ila naona amemsujudia kiumbe mwenzake.