Mikono Midogo, Msimu wa Deyr

Mvua za Deyr, za Oktoba hadi Desemba, hukutana na likizo ya shule hapa Garissa. Kando ya Mto Tana kuna udongo wa mfinyanzi na miyaa ya mkoma, vifaa vizuri kwa kazi za mikono za watoto. Mto una mamba na hufurika, kwa hiyo mtu mzima ndiye aende kuvichukua. Nyumbani, wafinyangeni ngamia na mbuzi, mkawaanike kivulini wasipasuke. Chaneni miyaa, msuke ukili, mshone kikapu kidogo. Mtoto akiuliza nundu ya ngamia ni ya nini, mwambie huhifadhi mafuta. Nyanya naye atasimulia Jilaal, kiangazi kikali, na maziwa ya ngamia yanayowaokoa watu na njaa. Mzazi, leo keti na watoto mkekani, mfanye pamoja.